Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Udhibiti wa Dawa: jeli za fizi na lebo zake

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu jeli za vimeng'enya vya mimea zinazonadiwa kuwa zinatibu ugonjwa wa fizi. Siombi zipigwe marufuku, kwa sababu si uganga wa kubahatisha. Papaini, inayotokana na utomvu wa papai, na bromelaini ya shina la nanasi hukata protini. Huko Brazil, tangu mwaka 2003, ipo jeli ya papaini ya kulainisha sehemu ya jino iliyooza ili daktari aikwangue kwa urahisi. Angalia lakini: hata hapo, kukwangua kunabaki palepale.

Kwenye fizi ni hivyo hivyo. Kimeng'enya kinaweza kulegeza utando wa bakteria na mabaki ya tishu iliyokufa. Ugaga hakiuwezi. Ugaga ni madini, kalisi na fosfeti, yaliyoganda kwenye mzizi chini ya ufizi, na hauondoki bila vifaa vya kusafishia. Isitoshe, ufizi uliovimba huchuruzika majimaji, na jeli iliyopakwa juu juu husukumwa nje kabla haijafika panapouma.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni pale jeli inapoonekana kufanya kazi. Uvimbe unapungua, damu haionekani tena kwenye mswaki, mgonjwa anaona amepona. Ndani ya mfuko, yaani uwazi uliojitokeza kati ya ufizi na jino, ugaga upo, na mfupa unaoshika jino unaendelea kuliwa kimyakimya. (Wavutaji sigara wako pabaya zaidi: fizi zao hutoka damu kidogo hata ugonjwa ukiwa umekomaa.) Anakuja kliniki jino likiwa linacheza.

Halafu kuna mzio. Mwaka 2008 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitaka dawa za kupaka zenye papaini ambazo hazikuidhinishwa ziondolewe sokoni, baada ya taarifa za watu kupata mzio mkali uliowashusha shinikizo la damu. Zile zilikuwa za vidonda, lakini kimeng'enya ni kilekile. Mtu anayedhurika na glavu za mpira anaweza kudhurika na papaini pia, na haki yake ni kulisoma hilo kwenye boksi kabla ya kufungua.

Kwa hiyo naomba lebo itamke wazi kwamba jeli ni nyongeza baada ya meno kusafishwa, si badala yake. Itaje nguvu ya kimeng'enya kwa vipimo vya utendaji, maana asilimia peke yake haisemi kama joto la ghala limeshakiua. Jeli za kuingizwa kwenye mfuko kwa sindano butu zibaki mikononi mwa matabibu wa meno. Na anayeomba usajili alete matokeo yanayolinganisha kusafisha peke yake na kusafisha pamoja na jeli, kwa kina cha mfuko kilichopimwa kwa milimita. Picha za fizi zilizopungua wekundu zisikubaliwe kuwa ushahidi.

Wako,
Tabibu wa meno