Barua kwa mwanangu anayejenga ndege ya manila

Mwanangu Tumaini,

Marahaba. Huku nyumbani hatujambo, bibi yako anakusalimu sana na dada yako ameshafunga shule. Barua yako nimeisoma, na zile picha alizonitumia mwalimu wako nimezikuza kwenye simu hadi nikaona alama za wembe. Kiwiliwili cha DC-3 yako, ile ndege ya abiria ya zamani yenye propela mbili, kimekaa, mkia umenyooka. Pua ndiyo imekusumbua, na umeandika kwamba huenda manila ya huko ni mbovu. Manila haina kosa, mwanangu, wala mikono yako haina kosa.

Kazi yangu ni uchapaji, na karatasi nimeishika tangu hujazaliwa, kwa hiyo nisikilize kwa hili. Chukua kipande cha manila ukizungushe kiwe bomba: kitakubali. Kizungushe kiwe koni, ile ya kufungia karanga: kitakubali pia. Sasa kivishe juu ya mpira. Kitakataa. Pembeni kitafanya makunyanzi, na ukikilazimisha kitachanika. Karatasi hupinda upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukitaka ipinde pande mbili mahali pamoja, ni lazima ivutike, na karatasi haivutiki. Mwanahisabati wa Ujerumani, Carl Friedrich Gauss, alilithibitisha jambo hilo mwaka 1827. Tazama ramani ya dunia iliyochorwa kwa mtindo wa Mercator: Greenland inaonekana kutoshana na Afrika, wakati Afrika inaizidi mara 14 hivi. Mchora ramani alikwama palepale ulipokwama wewe: uso wa duara haulali juu ya karatasi bapa bila kuharibika mahali fulani.

Mafundi wa kampuni ya ndege ya Douglas kule Santa Monica, California, walioirusha DC-3 ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, walikuwa na alumini. Bati la alumini ukiligandamiza kwenye kalibu linavutika na kushika umbo la duara. Wewe huna bati, kwa hiyo pua hiyo uigawe katika vipande ambavyo kila kimoja kinapinda upande mmoja tu.

Fanya hivi. Kuanzia madirisha ya rubani kwenda mbele, usikate kipande kimoja. Kata pete mbili fupi, kila moja ikiwa sehemu ya koni, ya pili ikiwa na mteremko mkali kuliko ya kwanza. Ncha ya mwisho ndiyo uikate vilimi vilivyochongoka, vinane vinatosha kwa ukubwa wa ndege yako. Vilimi vikizidi, umbo linakuwa laini zaidi lakini unapata mishono mingi ya kuficha, na kwenye ndege ndogo mishono huonekana kabla ya umbo. Weka kila kilimi kiganjani, upande wa rangi ukiwa chini, usugue mgongo wake taratibu kwa kitako cha kijiko hadi kianze kujipinda chenyewe. Usiviunganishe kwa vile vishikio vya kupachika vilivyochorwa pembeni, maana vinaacha tuta linaloonekana kwa nje. Vikate kabisa. Mahali pake bandika kwa ndani utepe wa karatasi nyepesi ya daftari, nusu ukishika kilimi hiki na nusu kile. Gundi ya mbao, ile nyeupe, ichukue kwa ncha ya kijiti cha meno. Anza na vilimi viwili vinavyotazamana, halafu vinavyotazamana vingine. Ukizunguka kwa kufuatana, ncha itahama upande.

Kabla ya gundi, paka rangi kingo zote zilizokatwa. Manila ikikatwa inaonyesha weupe wake, na mstari mweupe kwenye kila mshono unaiumbua ndege yote hata kama umekata kwa ustadi kiasi gani. Penseli ya kijivu ukiilaza itakutosha, kwa kuwa DC-3 yako ni ya rangi ya bati.

Umeniuliza pia kuhusu uzito wa karatasi. Kipimo chako ni 1:100. DC-3 ya kweli ina mabawa ya karibu mita 29 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo yako ni sentimita 29, inaingia kwenye urefu wa A4 ikibakiza nafasi kidogo sana. Manila ya gramu 200, yaani uzito wa mita moja ya mraba, ina unene wa kama robo milimita. Zidisha mara 100: ni kama umeifunika ndege ya kweli kwa bati la sentimita mbili na nusu! Kwa kiwiliwili na mabawa hiyo inafaa, kwa sababu inabeba. Kwa pua, kwa midomo ya injini na kwa chochote cha duara, tumia gramu 160 au hata 120. Viunzi vya ndani ndivyo vinavyotaka unene: bandika manila juu ya kadibodi hadi ufikie milimita moja, na ukate kwa ndani kidogo ya mstari, maana ngozi ya ndege nayo ina unene wake.

Halafu kuna nyuzi. Hili wauzaji hawakuambii. Karatasi inapotengenezwa, nyuzi zake nyingi hulala upande mmoja, upande ambao mashine inakokwenda. Pinda shiti kidogo kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuivunja. Upande mmoja utakupa shida na mwingine utalegea. Inapolegea, nyuzi zimelala sambamba na mkunjo. Kwa kiwiliwili nyuzi ziende kutoka puani hadi mkiani; kwa bawa, kutoka ubavuni hadi nchani. Naona kwenye picha bawa lako la kushoto lina mivunjiko midogo kwenye ukingo wa mbele. Nahisi hilo lilikatwa nyuzi zikiwa zimekingama. Ukipata nafasi likate upya.

Na ukumbuke kwamba mabawa ya DC-3 hayainuki kuanzia ubavuni. Kipande cha kati, kinachobeba injini, kimelala sawa; vipande vya nje ndivyo vinavyoinuka. Wengi huinua bawa zima, na ndege inapoteza sura yake.

Mwaka 2008 huko San Francisco kijana aliyekuwa bado sekondari, Luca Iaconi-Stewart, alianza kujenga Boeing 777 kwa kipimo cha 1:60 akitumia majalada ya manila ya ofisini. Akaweka viti, milango inayofunguka na magurudumu yanayoingia ndani, na kazi hiyo ikamchukua miaka. Poland nako kuna jarida la ndege na meli za karatasi, Mały Modelarz, lililoanza kutoka 1957. Nakutajia hao ili mtu akikwambia huko bwenini kwamba karatasi ni mchezo wa watoto wadogo, usipoteze muda kubishana naye.

Nimefurahi mno kwamba uliichagua DC-3. Shirika la East African Airways, lililoanza kuruka 1946 na kusambaratika 1977, lilizitumia hizo, na babu yako alizoea kutuhadithia namna ndege hiyo ilivyokaa uwanjani ikiwa imeinua pua, abiria wakipanda mteremko ndani kwenda kwenye viti vyao. Ni kwa sababu ya gurudumu dogo la nyuma. Ilikuwa na magurudumu imara ya mbele na mwendo mdogo wa kutua, ndiyo maana iliweza viwanja vifupi vya nyasi na changarawe ambako ndege nyingi hazikuthubutu. Hadi leo zipo zinazoruka. Kwa hiyo ukifika kwenye magurudumu, urefu wa miguu ya mbele uupime kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Miguu ikiwa mifupi kidogo tu, ndege italala sawa, na haitakuwa tena ile aliyopanda babu.

Propela usizibandike mpaka mwisho. Zitavunjika kila unapoigeuza ndege. Kila moja ina mapanga matatu, na nyuma yake injini ina silinda 14 katika safu mbili za saba saba. Kwa ukubwa wako, chora safu ya mbele tu, ya nyuma haitaonekana.

Manila nimekutengea, ya gramu 160 na ya 200, na nyuma ya kila shiti nimechora mshale wa penseli kuonyesha nyuzi zinakokwenda. Mjomba wako atazipitisha akienda safari. Ukizichapisha kwa printa ya wino, zipulizie vanishi kabla ya kukata, la sivyo gundi itachuruzisha rangi. Hiyo pua ya zamani usiibandue sasa. Jenga mpya pembeni, uishikize bila gundi, uione kwa mbali ukiwa umesimama mlangoni, ndipo ubandue. Na nipigie picha ya upande wa chini, pale bawa linapoungana na tumbo, kwa sababu hapo pia pana mpindo wa pande mbili na nataka nione umepagawanya vipi.

Mama yako akupendaye