Majengo nayo ni historia ya Mombasa

Mhariri,

Mgeni akija Mombasa hupelekwa Ngomeni akaoneshwa mizinga, kisha hutembezwa Mji wa Kale kutazama milango ya nakshi. Sina ugomvi na hilo. Ngome hiyo, Fort Jesus, imo katika orodha ya Unesco tangu 2011, na Mji wa Kale ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini ukivuka Barabara ya Digo, ukapita Mwembe Tayari na kuingia mtaa wa Majengo, hifadhi hiyo haikufuati. Nyumba ya Kiswahili hubomolewa, ghorofa ikapanda mahali pake, na mara nyingi hakuna hata aliyeipiga picha kabla ya nyundo kuanza. Majengo nako kuna historia ya mji huu, na walioijua wanazidi kupungua.

Mimi nimezaliwa Majengo, mtoto wa kuli wa bandari, nikakulia huko miaka ya 1960 na 1970. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, na ujia katikati unaotoka barazani moja kwa moja hadi uani. Kuta zilikuwa za fito na udongo, zikapakwa chokaa kila Ramadhani ikikaribia. Paa lilikuwa la makuti, baadaye likaezekwa mabati. Chumba cha mbele alikaa mwenye nyumba, mama wa makamo tuliyemwita Bibi sote, Waislamu kwa Wakristo. Majengo ilikuwa na wanawake wengi wenye nyumba zao wenyewe, na hili ni jambo ambalo vijana wa leo hawalijui. Walijenga kwa fedha za mahamri, za ushoni, za mahari iliyowekwa vizuri, kisha wakaishi kwa kodi ya vyumba. Kwa Bibi walipanga Mkamba wa reli, Mtaita na mkewe, Wajaluo wawili waliofanya kazi gati moja na babangu, na Mngazija mshona kofia. Sisi tulikuwa chumba cha mwisho karibu na ua.

Uani ndiko wanawake walikokuwa na baraza lao. Asubuhi mamangu alikuwa kwenye mbuzi akikuna nazi, mke wa yule Mtaita anapara samaki, Bibi yuasuka ukili na kutoa hukumu za kesi zote za nyumba. Choo kilikuwa kimoja na foleni ya alfajiri ilileta maneno. Maji ya bomba yakikatika tuliyanunua kwa wenye mikokoteni, na siku hizo ndoo ya maji ilikuwa na thamani kuliko kitoweo. Sisemi haya kuyapamba. Chumba kimoja cha watu saba kina joto, kina mbu, na mvua za masika ziliingia ndani. Hata hivyo, mamangu alipolazwa miezi, sikumbuki tulilala njaa siku hata moja. Kila jiko pale uani lilijua tuko wangapi.

Ramadhani sahani za futari zilitembea nyumba hadi nyumba, na za Wajaluo wetu zilitangulia kwa sababu walikuwa hawana wake hapa mjini. Krismasi sahani zikarudi na pilau na biskuti. Kwenye Idi tulivaa nguo mpya tukaenda Makadara kwa bembea na mabuyu. Pakiwa na harusi, turubali lilifungwa kutoka paa hadi paa, njia ikazibwa, na mwenye uwezo alimleta Juma Bhalo au Maulidi Juma akaimba hadi karibu alfajiri. Sisi watoto tulijilaza mikekani nyuma ya wapiga fidla mpaka usingizi ukatuchukua. Na mwaka mpya wa Kizungu ukiingia, meli zote za Kilindini zilipiga honi kwa pamoja saa sita ya usiku. Babangu alizitambua nyingine kwa sauti.

Barazani ndiko wanaume walikokaa. Muuza kahawa alipita na dele lake akigonganisha vikombe, dhumna zikapigwa, na habari za bandari zikafika kabla ya gazeti: meli gani imetia nanga, imebeba sukari au saruji, shifti ya usiku yataka watu wangapi. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza habari za migomo. Wazee walisimulia ule wa 1939, makuli walipogoma na jambo kubwa mojawapo likawa pesa za nyumba. Serikali ya kikoloni ilipounda tume, nayo ikakiri kwamba makao ya wafanyakazi wa Mombasa hayafai. Walisimulia zaidi mgomo wa Januari 1947. Ulianza tarehe 13, watu wapatao 15,000 wakaacha kazi, wa bandari, wa reli, wa mahotelini, hata wapishi na madobi wa majumbani mwa Wazungu, na mji ukasimama karibu wiki mbili. Chege Kibachia, aliyewaongoza, alikamatwa mwaka uo huo akapelekwa kuzuiliwa Kabarnet. Mwaka 1955 makuli waligoma tena, na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaja kutoka Nairobi kuingilia kati.

Wagomaji hawa walilala wapi, Mhariri? Wengi walilala katika vyumba kama vyetu. Mgomo wa watu wa makabila na dini zote haukuandaliwa kwa barua. Uliwezekana kwa kuwa Mkamba, Mmijikenda, Mjaluo na Mswahili walikuwa wakinywa kahawa baraza moja na kuazimana chumvi ua mmoja. Historia ya vyama vya wafanyakazi nchini haiwezi kuelezwa vizuri bila nyumba hizi, na hakuna hata moja ninayoijua yenye kibao cha kusema hivyo.

Sababu ya nyumba hizi kutoweka upesi si umaskini wa wenyewe tu. Nyumba nyingi za Majengo zilijengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Bibi alimiliki kuta, paa na milango, lakini kila mwezi alilipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Kwa mpango huo hukuruhusiwa kujenga kwa mawe na saruji, kwani ungejifanya wa kudumu. Ndiyo maana zikawa za fito na udongo. Ardhi ilipopanda bei, mwenye kiwanja aliuza, na familia iliyokaa vizazi vitatu ikajikuta haina la kuuza isipokuwa mabati na boriti. Wajukuu wa Bibi waliondoka namna hiyo. Wako Kisauni sasa, na pale kwetu pana ghorofa yenye maduka chini na geti la chuma.

Kabla ya hapo kazi yenyewe ilikuwa imebadilika. Kontena zilipozidi bandarini, kreni moja ikafanya kazi ya genge zima la mabega, na wenzake babangu wakarudi makwao mmoja mmoja. Vyumba vikabaki kwa vijana wasio na gati la kwenda. Leo Majengo husikika kwenye habari kwa mihadarati na misako ya polisi. Ni kweli yapo, na yanatuumiza. Lakini kijana wa pale anaposikia mtaa wake ukitajwa kwa aibu tu, na shuleni hakufundishwa kwamba babu yake alisimamisha bandari ya Afrika Mashariki nzima akidai mshahara wa haki, tumempokonya kitu kikubwa.

Sipingi nyumba mpya. Watu wanahitaji choo chao na maji ndani ya nyumba, na mamangu angefurahi kuwa navyo. Ninalopinga ni kufuta bila kuandika. Buxton ilibomolewa 2021, na mitaa mingine ya zamani kama Mzizima, Khadija, Changamwe na Likoni imo katika mipango ya kujengwa upya. Kila mtaa una wazee wake.

Kwa hivyo naomba haya. Kaunti na Makumbusho ya Taifa, ambayo yana wataalamu wao pale Mji wa Kale, wateue nyumba chache za Kiswahili zilizosalia Majengo, wakubaliane na wenye nyumba pamoja na wenye viwanja, wazihifadhi zikiwa zinakaliwa na watu. Kibali cha kubomoa kisitolewe kabla nyumba haijapimwa, kuchorwa na kupigwa picha, ndani na nje. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, mwendo wa miguu tu kutoka Majengo. Wanafunzi wake wa ujenzi wanaweza kuifanya kazi hiyo kama sehemu ya masomo. Na kwa walioondoka, popote walipo, Kisauni, Likoni, Mtwapa au ng'ambo: picha za harusi zile, kadi za chama cha makuli, risiti za kodi ya kiwanja, msizitupe mkihama. Mpelekeni mzee mmoja mbele ya simu, mrekodini akieleza nani alikaa chumba gani na alifanya kazi wapi.

Mimi nimeanza na ndugu ya babangu, ambaye alibeba magunia ya kahawa gatini kabla ya uhuru na bado anayataja majina ya serangi wake, wasimamizi wa genge. Atakayetaka kusaidia na atuulizie barazani.

Mwana wa Majengo,
Mombasa