Shangazi, usizime jiko la asubuhi

Shikamoo shangazi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza zaidi ya mara moja. Unasema asubuhi hailipi tena. Vijana wananunua andazi, wanalila wakitembea, mtori unabaki sufuriani hadi saa nne, na wewe umechoka kuamka saa tisa usiku kumenya ndizi. Unafikiria uhamie jioni, uuze chipsi kama jirani yako. Ningeweza kukupigia, ila jambo lenyewe ni refu. Nimeona nikuandikie hapa hadharani, kwa sababu mama ntilie wengi wanawaza hilo hilo, na kwa sababu mji ninaoishi una jibu ambalo sijaliona kwingine.

Ninafundisha Trang, kusini mwa Thailand, upande wa bahari ya Andaman. Ukitoka Bangkok kwa garimoshi unalala njiani, ni zaidi ya kilomita 800. Wageni wengi wanaoshuka stesheni wanapita tu kwenda visiwani. Lakini mtajie Mthai yeyote jina la Trang, atakuuliza umekula nini asubuhi. Wenyeji hujisifu kwamba wanakula milo 9 kwa siku, na ule wa kwanza ndio wanaoupigania. Kuna vibanda vinawasha moto usiku wa manane. Saa kumi na mbili viti vimejaa, na kufika saa nne wengine wanaosha masufuria wakijiandaa kufunga. Hawafungi kwa kukosa wateja. Chakula kimekwisha.

Mwanzoni nilidhani ni tabia tu ya watu wanaopenda kula. Kisha nikaanza kuangalia wanaokaa mezani ni akina nani, saa ngapi, na wametoka wapi. Hapo ndipo ninapotaka unisikilize, shangazi. Asubuhi ya Trang imejengwa na watu waliofanya kazi usiku.

Huu ni mkoa wa mpira. Mwaka 1899, au karibu na hapo, gavana wa Trang aliyeitwa Khaw Sim Bee, mtoto wa mhamiaji kutoka China, aliingiza miche ya mpira kutoka Malaya. Ilipandwa Kantang, bandari iliyoko kusini ya mji huu, na mti mmoja unaotajwa kuwa wa kizazi hicho cha kwanza bado umehifadhiwa kando ya barabara, watu wanapiga nao picha. Kutoka hapo mpira ulisambaa kusini nzima, na leo Thailand ndiyo inayoongoza duniani kwa mpira asilia.

Sasa, mpira haugemwi mchana. Usiku wa baridi mti umejaa maji, utomvu unatiririka vizuri. Jua likipanda, mti unapoteza maji, na mtiririko unapungua. Kwa hiyo mgema anaamka saa saba au saa nane usiku, anajifunga taa kichwani, anaingia shambani na kisu chake chenye ncha iliyopinda. Kila mti anaukata ganda jembamba, kwa mshazari, asiujeruhi mti, kisha anauwekea kikombe na kwenda mti unaofuata. Ni mamia ya miti. Akimaliza anarudi alikoanzia, akusanye maziwa yaliyojaa vikombeni. Saa kama ile unayomwaga wewe maji ya kwanza ya kuoshea ndizi, kwa saa za huku mwenzako yuko katikati ya kazi. Kukikucha ameshatimiza siku nzima, ana njaa ya mtu aliyelima, na akishauza utomvu ana hela mfukoni. Mtu huyo huwezi kumpa kipande cha mkate na chai ya rangi.

Ndiyo maana hapa watu wanakula nguruwe wa kuchoma saa kumi na mbili asubuhi. Kitimoto, shangazi, alfajiri! Naandika hivi nikijua utacheka, kwa sababu nyumbani kitimoto ni cha Jumamosi jioni, kwa ndizi choma na pilipili. Hapa mnyama anachinjwa usiku, anafunguliwa tumbo, nyama inachanjwa kwa ndani ili viungo viingie: mdalasini, karafuu na vingine vya Kichina, chumvi, na utamu wa sukari au asali. Anaachwa viungo vikolee. Kisha anachomwa mzima mzima kwenye tanuri lililochimbwa chini, kuni zikiwa zimewaka sana, naye akining'inizwa wima. Katikati ya kazi anatolewa, ngozi inatobolewa matundu mengi kwa vyuma vyenye ncha na kukwanguliwa palipoungua, halafu anarudishwa. Ngozi inaumuka na kuwa kavu, inavunjika mdomoni, na chini yake nyama imebaki laini na tamu. Wanampima kwa kilo, wanamkata kwa panga vipande vya kutafunika, na wanamla hivyo hivyo, bila mchuzi. Niliomba pilipili siku moja, muuzaji akaniletea, ila macho yake yalinionyesha kwamba viungo vyote vimeshamaliza kazi tangu usiku. Alikuwa na haki.

Ufundi huu ulikuja na Wachina waliohamia kusini kutafuta maisha, watu wa Fujian, wa Guangdong, wa Hainan, kila kundi na jiko lake. Nguruwe mzima mpaka leo anapelekwa harusini, misibani, na makaburini wakati wa kuwakumbuka wazee. Kwetu Uchagani unajua vizuri kinachomaanishwa na mnyama kuchinjwa na kugawiwa kwa ukoo. Kwa hilo sikuhitaji mtu wa kunieleza.

Lakini si nyama iliyonifanya nikuandikie. Ni jinsi meza inavyopangwa.

Unaingia, unakaa, hujasema neno. Mhudumu anakuja na sinia, anakushushia mezani sahani ndogo ndogo na vikapu vya mvuke: dim sum, vitafunwa vidogo vya Kichina vya kupikwa kwa mvuke, za nyama, za kamba, za samaki, maandazi meupe ya mvuke yenye nyama ndani, kisahani cha nguruwe wa kuchoma, vipande virefu vya unga wa ngano vilivyokaangwa na kuumuka ambavyo Wathai wengi huviita patongko. Pembeni kuna mchuzi mwekundu mtamu wenye uchachu ambao watu wa Trang wanauchukulia kuwa wao. Kila kisahani kina vipande viwili vitatu tu. Unakula unachotaka. Usichogusa kinarudi. Mwishoni mwenye duka anakuja, anahesabu visahani vilivyo vitupu, anataja bei. Mwenye hela kidogo anakula viwili na kunywa chai ya Kichina ambayo haina malipo, na ameketi meza ile ile na tajiri mwenye visahani kumi.

Na kahawa. Wanaiita kopi. Ni robusta, inayolimwa mikoa ya kusini, inakaangwa pamoja na sukari hadi inakuwa nyeusi kabisa, kisha inamiminiwa maji ya moto kwenye mfuko mrefu wa kitambaa. Inaletwa kwenye glasi, chini kumelala maziwa mazito ya kopo, juu kahawa, unakoroga mwenyewe. Ni kali na ni tamu mno, mimi huomba maziwa wapunguze. Hata hivyo kila ninapoinywa nauona ukweli unaoniuma: sisi tuliozaliwa mlimani chini ya migomba na mibuni, tukavuna, tukamenya, tukaanika, tukauza, na asubuhi tukanywa majani ya chai. Watu wa huku wanainywa waliyoikaanga wenyewe. Wazee wanakaa nayo saa nzima, gazeti mkononi, wakibishana kuhusu bei ya mpira na serikali. Chuan Leekpai, aliyekuwa waziri mkuu wa Thailand mara mbili, 1992 hadi 1995 na tena 1997 hadi 2001, ni mtoto wa Trang, na mama yake alikuwa mchuuzi sokoni. Nakutajia hilo kwa makusudi.

Asiyetaka kitimoto hakosi. Kusini hii ina Waislamu wengi, na vibanda vyao viko mitaa ile ile: chapati za kukunjwa zilizokaangwa kwenye bati pana, chai ya maziwa inayomwagwa kutoka kikombe hadi kikombe mpaka itoe povu, wali wa manjano na kuku ambao ni ndugu wa damu wa biriani. Mwenzangu wa kazini ni Mwislamu kutoka upande wa pwani, na yeye ndiye aliyenionyesha khao yam, chakula ambacho ningependa siku moja nikuwekee mbele yako. Ni wali uliopoa, umezungukwa na vilima vidogo vya vitu vilivyokatwa vyembamba kupita kiasi: mchaichai, majani ya ndimu, maharage mabichi, embe bichi au balungi, nazi iliyokunwa na kukaangwa, dagaa kamba waliosagwa, pilipili ya unga. Juu unamwagiwa mchuzi mweusi wa samaki waliochachushwa. Unachanganya vyote mpaka usione tena mipaka. Ni chakula chepesi na kinashibisha, hakina mafuta, na mwanamke anayeuza amekesha kukata. Nikiangalia mikono yake nakuona wewe na ndizi zako.

Kuna pia khanom chin, tambi laini za mchele zinazomwagiwa mchuzi wa samaki, nazi na manjano. Mchuzi mmoja unatokana na matumbo ya samaki yaliyochachushwa, huo ni mkali na siupendi, nausema wazi. Ila kinacholetwa pembeni kinanifurahisha: sinia la mboga mbichi za bure, matango, maharage yenye harufu kali wanayoyaita sato, na majani machanga ya mkorosho. Ndiyo, mkorosho. Mtwara tunavuna korosho na majani yanabaki mtini, huku wanayatafuna na mchuzi asubuhi.

Sasa turudi kwako, shangazi.

Umesema wateja wamekwisha. Mimi nauliza: wagema wako ni akina nani? Nilipokuwa nyumbani nilikuwa nakusaidia kugawa mabakuli, nawakumbuka. Walikuja vijana walioshusha ndizi kwenye malori sokoni usiku kucha. Walikuja walinzi wanaotoka zamu. Makondakta na madereva wa mabasi ya alfajiri ya kwenda Dar. Wauguzi waliokesha wodini, wakiwa na sweta juu ya sare. Hao hawajaisha, malori hayajaacha kuja usiku. Waliopungua ni wale wa saa mbili na nusu, wanaotoka vitandani wakiwa wamechelewa. Hao kweli wanataka andazi na kuondoka, na umekuwa ukipima biashara yako yote kwa hao.

Mtu aliyebeba mikungu tangu saa nane usiku anahitaji mtori wenye nyama na mfupa, na anauhitaji saa kumi na moja, haumfai wa saa mbili. Fungua mapema zaidi ya sasa, funga saa tatu. Najua nakuambia uamke mapema wakati unalalamikia kuamka mapema, na magoti yako nayajua. Lakini kumenya ndizi si lazima kuwe usiku: mchukue yule binti wa jirani amenye jioni, loweka kwenye maji yenye ndimu zisiwe nyeusi. Na ukifunga saa tatu, mchana mzima ni wako wa kulala. Jioni ya chipsi utasimama mbele ya mafuta mpaka saa tano usiku, ukishindana na vibanda vitano vilivyoko tayari mtaa ule ule, wote wakiuza kitu kimoja. Mtori wako wanaouweza ni wachache.

Na jaribu meza moja ya visahani. Si lazima bakuli kubwa tu. Bakuli dogo la mtori, kisahani cha maini, kisahani cha utumbo, nusu chapati, kisahani cha kiburu, ndizi zetu na maharage. Mteja alipe alichokula. Mwenye hela kidogo hatapita mbali na mlango akiogopa bei ya bakuli zima, na mwenye njaa ataongeza. Anza Jumanne au Jumamosi, soko likiwa limejaa.

Halafu chemsha kahawa. Ya kwetu, ya mlimani. Kaka anayo ya kutosha kwenye gunia pale stoo, mwambie akukaangie kilo moja, na mfuko wa kuchujia nitakutumia mimi, hapa unauzwa bei ndogo sana.

Niandikie nyanya za sokoni mnanunua kwa bei gani siku hizi na nyama ya mtori ni kiasi gani kwa kilo, nikufanyie hesabu ya visahani kabla ya mwisho wa mwezi. Msalimie mjomba na wote hapo nyumbani.

Ni mimi mwanao,
Trang