Jiwe la Korea na raiskuka ya Ngamiani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu makala ya ukurasa wa sayansi ya Jumapili iliyopita, ile yenye picha ya kijiwe cheusi kimeinama juu ya sumaku. Mwandishi wenu kaandika kwamba kijiwe hicho, LK-99, kiligunduliwa Korea Kusini mwaka 2023, kwamba kinapitisha umeme bila ukinzani wowote, yaani bila kuuzuia hata kidogo, kwenye joto la kawaida, na kwamba nyaya zake zikifika huku umeme hautapotea tena njiani. Jumatatu asubuhi mteja wangu mmoja, muuza samaki, akaja na ukurasa wenyewe umekunjwa mfukoni. Tulikuwa tumekubaliana nimbadilishie nyaya za nyumba, maana za zamani zimeliwa na chumvi. Sasa anasema tusubiri kwanza hizo za Korea.

Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa 27 huu. Natengeneza pasi, feni, blenda, na zaidi ya vyote raiskuka. Chuo kikuu sikufika. Ila habari ya kijiwe hicho niliifuata tangu siku za mwanzo, kwa sababu nina mpwa anayesomea fizikia, naye alikuwa akinisomea kwenye simu kila jioni baada ya kufunga kibanda. Tena mwisho wa kisa chenyewe uliangukia kwenye namba ninayoijua kuliko namba yangu ya simu. Huo mwisho ndio ambao hamkuuandika.

Nianzie kwenye raiskuka. Ukiifungua kwa chini, katikati ya sahani ya moto utakuta kikombe kidogo chenye springi. Ndani mna vitu viwili vya maana: kipande cha sumaku, na juu yake kipande cheusi kama kigae, kinaitwa feraiti, ambacho ni oksidi ya chuma iliyochanganywa na metali nyingine ikachomwa. Ukibonyeza kijiti kwenda chini, sumaku inapanda, inanasa feraiti, na pleti za umeme zinagusana. Maadamu maji yamo, chini ya sufuria hapapandi sana kupita nyuzi 100, maji hayaruhusu. Mchele ukishayanywa yote, joto linapanda, na likifika karibu nyuzi 103 ile feraiti inaacha kushikwa na sumaku. Haiyeyuki, haipasuki, haibadiliki hata rangi. Imeacha tu. Springi inaishinda sumaku, kijiti kinaruka, tak! Wali umeiva. Ikipoa, feraiti inarudi kama ilivyokuwa, na kesho ni hivyo hivyo. (Wapenda ukoko wanakizuia kijiti kwa raba au mpini wa mwiko. Hao ndio wanaonilipia ada za watoto.)

Mpwa wangu anaeleza kwamba kila atomu ya chuma ni kisumaku kidogo. Kukiwa na baridi ya kutosha visumaku hivyo vinajipanga kwa mpangilio mmoja, kama safu msikitini. Joto likivuka kiwango fulani, safu zinavunjika na kila kimoja kinageukia kwake. Kiwango hicho kinaitwa joto la Curie, kwa jina la Mfaransa Pierre Curie, ambaye mwaka 1895 aliandika kwa kirefu jinsi usumaku unavyobadilika na joto. Kwa chuma ni nyuzi 770, kwa nikeli karibu 358, kwa kobalti zaidi ya 1,100. Wahunzi wanalijua hili bila Curie: chuma kikishaiva moto kikawa hakishikwi na sumaku, ndipo wanajua wakati wa kukizamisha umefika.

Kabla sijarudi kwenye kijiwe, niguse kosa la pili la makala yenu, dogo lakini linaniudhi: kwamba "kila chenye chuma hunaswa na sumaku". Mpelekeeni mnunuzi wa vyuma chakavu sentensi hiyo aicheke. Chukua kijiko kizuri cha chai cha chuma kisichoshika kutu. Sehemu kubwa yake ni chuma, na humo mna nikeli, ambayo nayo peke yake hunaswa. Lakini vijiko vingi vya aina hiyo, sumaku inavipita kama haivioni. Nikeli imezilazimisha atomu za chuma zikae kwa mpango mwingine, ule ambao chuma kitupu huupata kikipashwa kupita nyuzi 912, na kwenye mpango huo usumaku wa kawaida haupo. Kikunje kijiko hicho, ukikunjue, ukikunje tena. Pale kilipoteseka pataanza kuvuta sumaku kidogo, kwa sababu baadhi ya atomu zimerudi kwenye mpango wa zamani. Kwa hiyo swali si kuna chuma au hakuna. Swali ni kimekaa vipi, na kwenye joto gani.

Sasa Korea. Tarehe 22 Julai 2023 watafiti wa Seoul waliweka mtandaoni makala zao kuhusu LK-99, herufi za majina ya wawili wao, Lee na Kim, na mwaka 1999. Kijiwe chenyewe ni madini ya risasi na fosfeti, ambamo baadhi ya atomu za risasi zimeondolewa zikawekwa za shaba. Walisema ni superkondakta, kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote, mpaka nyuzi 127, yaani hata ukikitumbukiza kwenye chai inayochemka bado hakina ukinzani. Ushahidi wao mkubwa ulikuwa wa aina mbili. Kwanza video ya kipande kikielea nusu juu ya sumaku, ncha moja hewani na nyingine imegusa chini. Pili mchoro wa ukinzani ulioporomoka ghafla, karibu mara kumi, kwenye nyuzi 104 na pointi kadhaa.

Mpwa wangu aliposoma hiyo 104 nilikuwa nimeshika raiskuka ya jirani mkononi. Nikamwambia, kijana, hapo pana kitu kimejibadilisha tu, si lazima iwe maajabu. Alinicheka. Sijifanyi mjuzi, nilisema kwa mazoea ya kazi. Lakini Marekani, chuo kikuu cha Illinois, alikuwako mkemia Prashant Jain aliyeiona namba hiyo hiyo na kuitambua. Wakorea walipopika kijiwe chao, pamoja nacho ilizaliwa takataka: salfaidi ya shaba, shaba mbili kwa salfa moja. Jain alikuwa ameifanyia kazi salfaidi hiyo miaka mingi, na alijua kwamba kwenye nyuzi 104 inabadili hali yake ya ndani. Chini ya hapo atomu za shaba zimekaa sehemu zao. Juu ya hapo zinatangatanga katikati ya salfa kama maji ndani ya sponji, ingawa kwa nje ni jiwe lile lile. Ikipoa ikarudi hali ya kwanza, ukinzani wake unaanguka ghafla. Wala si madini ya ajabu. Ni mojawapo ya mawe yanayochimbwa Katanga kupata shaba.

Beijing, kwenye taasisi ya fizikia ya Chuo cha Sayansi cha China, wakaipima salfaidi peke yake, kisha LK-99 iliyochanganyika nayo. Mporomoko ukaonekana. Tena wakaona jambo ambalo kila fundi wa pasi atalielewa: ukipasha badiliko linatokea kwenye joto moja, ukipoza linatokea kwenye jingine, chini kidogo. Ndivyo ilivyo themostati ya pasi, inakata pale na kurudi hapa. Superkondakta ya kweli, ukinzani wake ukitoweka bila kuwepo sumaku karibu, haina pengo la namna hiyo kati ya kwenda na kurudi. Na ule ukinzani wa Korea, Mhariri, haukuwa umefika sifuri. Ulishuka kutoka 0.02 hadi 0.002, kwa kipimo cha omu (kizio cha ukinzani) na sentimita. Kitu kilichoshuka mara kumi kimeshuka, hakijatoweka. Mwenye deni la laki moja akilipa elfu tisini bado anadaiwa.

Kuelea nako? Derrick van Gennep, aliyewahi kufanya utafiti Harvard, alichukua grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli, akaikandamiza, akaigundisha na vumbi la chuma, akakiweka kipande chake juu ya sumaku. Kikasimama nusu nusu kama kile cha Seoul. Grafiti inasukumwa kidogo na sumaku, vumbi la chuma linavutwa, basi kitu kinainuka upande mmoja na kutua upande wa pili. Ukitaka kujua kama ni superkondakta, nusu kuelea hakutoshi. Tangu mwaka 1933, Meissner na Ochsenfeld walipoligundua jambo lenyewe kule Ujerumani, alama inayotafutwa ni hii: kitu kikivuka joto lake kwenda kwenye baridi kinaufukuza usumaku utoke ndani yake.

Walioifunga kesi kwa macho yangu ni wa taasisi ya Max Planck huko Stuttgart. Wao hawakubishana kuhusu video. Walikuza fuwele safi za LK-99, bila hata chembe ya ile salfaidi, wakapata vitu vya rangi ya zambarau vinavyopenyeza mwanga. Walipotaka kupima ukinzani ulikuwa mamilioni ya omu. Maana yake kijiwe kikiwa kisafi ni kihami, hakipitishi umeme, unaweza kukitumia kama porselini ya nguzo! Yote haya yalikwisha kabla Agosti 2023 haijaisha. Makala yenu imetoka juzi.

Nisije nikaeleweka kwamba superkondakta ni uongo. Mwaka juzi nililazwa ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, kwa ajili ya mgongo. Yule dada aliponiambia nitoe funguo na mkanda, mimi nilikuwa nawaza waya. Ndani ya mapipa yale mara nyingi mna koili ya niobiamu na titani imezamishwa kwenye heliamu ya maji, yaani gesi ya heliamu iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, na umeme ukishaingizwa unazunguka humo miezi na miaka bila kuongezwa. Baridi hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia mwanafizikia Kamerlingh Onnes kule Leiden, Uholanzi, mwaka 1911, alipoona ukinzani wa zebaki umetoweka. Mwaka 1986 watafiti Bednorz na Müller, Zurich, wakaipata hali hiyo ya kukosa ukinzani kwenye oksidi ya shaba yenye lanthanamu na bariamu, kwenye joto lililokuwa juu kuliko yote yaliyojulikana, mwaka uliofuata wakapewa Nobel. Mwaka 1987 huo huo ikapatikana oksidi nyingine ya shaba inayofanya kazi ndani ya naitrojeni ya maji, ambayo ni rahisi mno kuliko heliamu. Hata hivyo naitrojeni ya maji ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Muuza samaki wangu barafu tu inamshinda bei.

Na kinachonivutia kwenye oksidi hizo ni kwamba zinaanzia kwenye usumaku. Ile ya lanthanamu na shaba tupu haipitishi umeme, na visumaku vyake vimejipanga kimoja juu kimoja chini, kimoja juu kimoja chini, hata kwa nje huoni kitu. Ondoa lanthanamu kidogo uweke strontiamu, mpangilio huo unavurugika na kufa. Endelea kuongeza, na mahali usumaku ulipofia ndipo ukinzani unapoanza kutoweka ukiipoza. Halafu mwaka 2008 mtafiti Hideo Hosono wa Tokyo akaipata hali hiyo kwenye misombo ya chuma chenyewe, chuma ambacho watu walikiona ndiye adui wa jambo hili, nako pia usumaku ulibidi uondoke kwanza. Kwa nini iwe hivyo bado wanazozana. Hiyo ingekuwa makala nzuri ya Jumapili, na picha mngepata.

Ombi langu ni moja. Chapeni sahihisho kwenye ukurasa ule ule wa sayansi, kwa herufi za ukubwa ule ule, si kale kamstari ka chini karibu na matangazo ya vifo. Nyaya za shaba za mteja wangu nimeshazinunua, roli mbili, ziko chini ya meza yangu. Nimemweleza yote haya, nikamfungulia na raiskuka akaona kijiti kikiruka kwa macho yake. Amenisikiliza vizuri, akanunua na feni. Kuhusu nyaya amesema, fundi, nakuheshimu sana, lakini hilo la Korea mpaka nilisome gazetini.

Fundi wa raiskuka,
Ngamiani, Tanga