Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayesomea uongozaji wa ndege

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako na wote wa nyumbani. Ulipokuja mara ya mwisho uliniambia, kwa sauti ya chini kama mtu anayekiri kosa, kwamba hesabu za masafa na kimo hazikusumbui hata kidogo, ila unaiogopa siku ambayo rubani mgeni atasema jambo usilolielewa nawe uone haya kumwuliza kwa Kiingereza chako cha kuungaunga. Siku ile nilicheka. Tangu hapo nimekuwa nikijilaumu, maana hofu yako iliwahi kumkuta mtu wa kazi yako, usiku mmoja, huko Kolombia.

Tarehe 20 Desemba 1995, ndege ya American Airlines, safari namba 965, aina ya Boeing 757, ilikuwa ikishuka kuelekea Cali ikitokea Miami, ambako ilikuwa imechelewa kuondoka kwa karibu saa mbili. Uwanja wa Cali uko katika bonde refu lililobanwa na safu za milima ya Andes, na rada yake ilikuwa imelipuliwa na waasi mwaka 1992, kwa hiyo mwongoza ndege wa zamu, aliyewaelekeza marubani kutoka ardhini, hakuwa na kioo cha kumwonyesha ndege ilipo. Alikuwa na redio tu, na picha aliyojichorea kichwani kutokana na maneno ya marubani.

Kwa kuwa upepo ulikuwa umetulia, aliwapa nafasi ya kutua moja kwa moja kutoka kaskazini badala ya kuuzunguka uwanja, nao wakakubali, ingawa walikuwa juu mno na iliwabidi kufungua breki za hewa mabawani ili washuke upesi. Kabla ya hapo alikuwa amewataka wamwarifu wakifika kituo cha redio cha Tulua, mtambo wa ardhini unaowaonyesha marubani njia. Rubani akamrudishia kwamba wameruhusiwa kwenda Cali moja kwa moja na kwamba wataripoti Tulua, maneno ambayo hayakukaa pamoja vizuri, kwani walipoiagiza kompyuta iwapeleke Cali moja kwa moja, Tulua ilifutika kwenye kioo chao. Mwongoza ndege akajibu "ndiyo". Baadaye wakaomba kwenda moja kwa moja hadi Rozo, kituo kilicho karibu kabisa na uwanja, kisha waifuate njia ya Rozo, sawa na mgeni anayeomba afikishwe kwanza mlangoni ndipo aanze kuifuata njia ya kuja nyumbani. Akajibu tena "ndiyo".

Kwenye ramani yao Rozo ilikuwa na alama ya herufi R. Waliandika R, na kompyuta ikawaletea kituo kingine, Romeo, kilichoko Bogotá, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo. Ndege ikageuka kushoto gizani, kuelekea mashariki kwenye milima, huku ikizidi kushuka. Walipogundua kosa waligeuza kulia ili warudi bondeni, na kati yao na bonde ulikuwepo mlima El Diluvio. Kifaa cha tahadhari kilipolia zilikuwa zimebaki sekunde kama 12. Rubani alisukuma nguvu zote za injini na kuinua pua ya ndege, lakini breki za hewa zilibaki wazi. Hakuna aliyekumbuka kuzifunga. Kati ya watu 163 walipona 4.

Wachunguzi wa Kolombia waliwatwika marubani makosa makuu, nami sina ugomvi na uamuzi huo. Kinachoninyima usingizi ni maelezo ya mwongoza ndege. Aliwaambia wachunguzi kwamba maombi yale aliyaona hayana mantiki, na kwamba marubani wangekuwa watu wa kusema Kihispania angewaambia hivyo, lakini Kiingereza chake kilitosha kwa maneno ya kawaida ya kazi tu. Mashaka alikuwa nayo. Alichokosa ni sentensi ya kuyabebea.

Najua baada ya hapo dunia ilirekebisha mengi: ndege zikafungwa vifaa vyenye ramani ya milima, na tangu 2008 wenzako wanaofanya kazi ya kimataifa hupimwa Kiingereza cha kuzungumza, si cha kukariri. Lakini mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, na naijua aibu ile ilikoanzia. Niliwavisha watoto kibao shingoni kwa kusema Kiswahili uani, na aliyekosea kitenzi darasani alichekwa mbele yangu nami nikanyamaza, mpaka wengi wakaona ni heri kuitikia "yes, sir" kuliko kuuliza.

Ukija likizo tukae barazani jioni. Mimi nitakuwa rubani aliyechelewa, mwenye haraka na lafudhi ya kuchosha, nitaomba njia isiyoeleweka, nawe utaniuliza niko wapi hasa, kwa Kiingereza chochote kitakachokujia mdomoni, mara tatu ikibidi, na safari hii sitacheka.

Ni mimi, mjomba wako.