Barua kwa yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, anayeandika safari za Jumapili tu

Yaya,

Jambo sana, wewe na mama wa watoto. Huku Katuba, Lubumbashi, tuko wazima, kazi ipo, vumbi ndilo limezidi.

Nimeisoma habari uliyoandika ya safari ya klabu yenu ya baiskeli, ile ya kwenda Kipushi na kurudi. Nimeisoma hapa hapa kibandani ninapotengeneza baiskeli, simu nimeiegemeza kwenye pampu, mteja ananisubiri. Umetaja kilomita, umetaja mwendo wa wastani, umetaja nani aliwahi kuingia mjini na nani alimfuata mgongoni. Picha ni za watu waliosimama wamevaa jezi. Nikafika mwisho nikatafuta barabara yenyewe, sikuiona.

Unisamehe kukuandikia mbele ya watu. Ukubwa wako nauheshimu, lakini wenzako nao wanaandika vilevile, na mimi siwezi kumwandikia kila mmoja barua yake.

Ninachosema ni kwamba safari ya baiskeli inaandikwa kwa ajili ya yule atakayepita kesho. Kumwambia umekwenda kilomita 28 kwa saa ni kama kumwalika mtu halafu ukamsomea hesabu ya sahani. Anataka kujua upepo ulitoka wapi. Anataka kujua lami imekatika wapi, maji ya kunywa yanauzwa wapi, na malori yanaanza saa ngapi kukusukumia kwenye majani.

Chukua huo upepo. Katika miezi hii ya kiangazi unavuma zaidi kutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo anayekwenda Kasumbalesa, upande huohuo, anaupokea usoni, akirudi unamsukuma mgongoni. Anayekwenda Likasi mambo yake ni kinyume: anatoka Lubum, Lubumbashi yetu, anajiona bingwa, miguu myepesi, anasema leo nimeamka vizuri, akigeuka ndipo anapojua nani alikuwa anamsaidia. Kipushi unakupiga ubavuni kwenda na kurudi. Hebu angalia habari zenu za mwaka mzima: kila mliposhindwa mliandika uchovu, na kila mliposhinda mliandika mazoezi. Upepo hamkuuandika hata siku moja.

Watu wa makala, hao wanaobeba mkaa kwa baiskeli, wanaujua. Nawasikiliza kila siku hapa kibandani kuliko ninavyosikiliza redio. Kuna mmoja anayeteremka na barabara ya Likasi, magunia matatu, mara nyingine manne, yamefungwa kwa vipande vya mpira wa ndani vilivyokatwa vyembamba na kukazwa mpaka vinalia ukivigusa. Mlimani anasukuma, kwenye mteremko anapanda. Breki yake ni kandambili: anaikandamiza kwenye tairi la nyuma, na ukiigeuza utaona mfereji umechimbika katikati. Juzi alinisimulia njia nzima wakati ninamnyooshea rimu. Alianza na saa aliyotoka, giza bado, kwa sababu jua likipanda upepo nao unaamka. Akaja kwenye mahali ambapo kando ya lami imeliwa na mvua za mwaka jana, kwa hiyo ukisikia lori nyuma usishuke upande huo, shuka kabla, pale kwenye kichuguu kikubwa. Akaniambia mama gani ana uji wa moto na anakubali kulipwa wakati wa kurudi. Akaniambia barieri ipi, vizuizi vya askari barabarani, wanaamka mapema na ipi wanachelewa. Hakutaja kilomita hata moja. Lakini mimi, ambaye njia ile sijaipita siku nyingi, ningeweza kuipita usiku huo.

Ile ndiyo habari ya safari, yaya. Kasoro yake ni moja tu: akimaliza kuisimulia, inabaki kati yangu na yeye.

Na wala sisemi klabu ni kitu kibaya. Mbio zenyewe zimezaliwa na maandishi. Tour de France ya kwanza, Julai 1903, ilianzishwa na gazeti, L'Auto, lililotaka kuuza nakala kuliko mwenzake. Hatua sita, kilomita 2,428, wakaanza watu 60 wakamaliza 21, na mshindi akawa Maurice Garin. Waliendesha usiku mzima, kwenye barabara za mawe na vumbi, ambako hakuna mtu wa kuwaangalia. Ufaransa nzima ilizijua mbio zile kwa kusoma. Aliyekuwa nyumbani alitaka kujua nani alitobokewa na tairi, nani alilala mtaroni, nani alikula nini. Kabla ya hapo, mwaka 1891, gazeti jingine, Le Petit Journal, lilikuwa limeshawatuma watu kutoka Paris mpaka Brest na kurudi, kilomita kama 1,200. Mpaka leo njia ile inaendeshwa kila baada ya miaka minne na watu wa kawaida, walimu, mafundi, wastaafu, na wengi wao wana saa 90 za kuimaliza. Kadi yako inagongwa mhuri kila kituo. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kuna aliyemaliza ndani ya muda na asiyemaliza. Anayetaka kwenda huko anaanza na safari ya kilomita 200 kwa saa 13 na nusu. Piga hesabu: haifiki kilomita 15 kwa saa. Mwendo huo hata kinga, baiskeli ya kawaida ya muuza mkate, inauweza, barabara ikiwa nzuri. Naomba klabu yenu ifikirie jambo hilo, maana kwenye meza yangu wapo vijana wanaotaka kuja nanyi, ila wakisoma habari zenu wanaona ni za watu wenye baiskeli za bei ya nyumba.

Halafu kuna Kazimierz Nowak, Mpolandi. Sijui kama nimewahi kukusimulia habari zake. Mwaka 1931 alitoka Tripoli kwa baiskeli, akashuka Afrika yote mpaka kusini kabisa, akageuka, akapanda tena mpaka Algiers, akafika mwaka 1936. Kilomita kama 40,000, kwa baiskeli, kwa miguu, kwa farasi, kwa ngamia, kwa mtumbwi. Kongo yetu aliipita. Hakuwa na fedha. Alichokuwa nacho ni mke, Maria, na watoto, ambao aliwaacha nyumbani, na barua. Barua alimwandikia mke wake, habari na picha alizipeleka magazetini ili familia ipate kula. Alikufa mwaka uliofuata, 1937. Mwendo wake wa wastani hakuna anayeuuliza. Tunamjua kwa sababu aliandika alichokiona na aliowakuta.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi. Wewe mwenyewe, yaya, kila siku ya kazi unatoka Kampemba unaingia mjini kwa ile baiskeli nzito ya baba, yenye spoku 32 mbele na 40 nyuma. Nimekupitisha kwenye meza yangu mara nyingi, ninajua vumbi la kila mtaa lililoingia kwenye gololi zako. Safari hiyo hujaiandika hata mstari mmoja. Unaiona si safari, kwa sababu hakuna jezi wala gari la kuwafuata nyuma na maji.

Lakini hebu fikiria nani anaihitaji. Mtoto wa jirani amepata kazi mjini, nauli ya taksi-bisi kwenda na kurudi inamla nusu ya mshahara, ana baiskeli lakini anaogopa. Yule haulizi habari za Kipushi. Anauliza: reli nivuke wapi? Mwandikie. Mwambie reli haivukwi kwa mshazari, hasa ikiwa imelowa. Unageuza usukani kidogo, unaivuka ikiwa imekukingama mbele kama msalaba, maana gurudumu likiingia kwenye ule upenyo pembeni mwa chuma, wewe utaendelea na safari na baiskeli itabaki. Mwambie saa ambayo wanafunzi wanajaa barabarani. Mwambie taksi-bisi haisimami kwa taa, inasimama kwa mkono wa abiria, kwa hiyo ukiona mtu kando ya njia ameinua mkono, shika breki wewe kabla ya dereva. Mwambie kuanzia Novemba, mvua zikishika, dimbwi lisilo na mtu ndani yake lina sababu ya kukosa watu. Hayo unayajua yote mwilini. Yangekuchukua ukurasa mmoja.

Na andika pia mambo yasiyo na faida. Mwezi wa kumi, jakaranda zikimwaga maua kwenye lami na tairi zikawa zinateleza kwa rangi ya zambarau. Baridi ya Juni, ile ambayo vidole vinakataa kukunja breki mpaka ufike kazini. Wamama wanaotoka porini na bowa, uyoga, wakati wa mvua, mingine mipana kuliko kofia, wameipanga kwenye beseni nyuma ya baiskeli. Kuna siku ulinisimulia mtu aliyembeba mbuzi kwenye keria, na mbuzi amevaa koti. Mbona hukuandika? Tulicheka mpaka mteja akakasirika.

Mambo mawili ya tahadhari, maana nawajua.

Ile programu mnayoitumia ya kuchora njia inaonyesha mlango wako. Kila asubuhi mstari unaanza mahali palepale, na baiskeli ya klabu yenu mwizi anajua bei yake. Ndani ya programu kuna mahali pa kuficha mwanzo na mwisho wa njia, wekeni. Wakubwa kuliko sisi walijisahau: Januari 2018 watu waligundua kwamba ramani ya Strava, programu kama hiyo yenu, ya njia za wanamichezo duniani inachora kambi za kijeshi jangwani, kwa sababu askari walikuwa wanakimbia mazoezi na saa zao mkononi. Na kwetu huku, picha ya daraja, ya barieri, ya askari, ziacheni. Utaeleza mchana kutwa kwamba wewe ni mtu wa michezo.

La pili ni watu wa makala. Nimeona picha mliyopiga ya yule aliyepakia magunia mpaka hamuoni kichwa chake, mkaandika chini yake maneno ya kuchekesha. Yule ni mteja wangu. Ana jina, na siku ile alikuwa ametoka mbali kuliko klabu nzima. Kama mnataka picha yake, msimame, mumsalimie, mumuulize, na mumsukumie ule mlima mpaka juu; mkifika atawaambia mambo ya barabara ambayo hamkuyajua. Akikataa, amekataa. Najua makala yanamaliza misitu yetu kuizunguka Lubum, na siku moja tutabishana juu ya hilo, lakini anayesukuma siye anayepika. Wewe na mimi tunapika kwa makala.

Vijana wengi hapa waliziangalia kwenye televisheni mbio za baiskeli za ubingwa wa dunia zilizofanyika Kigali, Septemba 2025, za kwanza kufanyika Afrika tangu mashindano hayo yaanzishwe. Wiki nzima kibandani ilikuwa Pogačar, Pogačar, yule Mslovenia bingwa. Nikafurahi. Ila jirani zetu wale hawakuanza na Pogačar. Waliwahi kuwa na watu wa kubeba maziwa na viazi kwa baiskeli, na Tour du Rwanda yao ni ya tangu 1988. Huku kwetu watu wa kubeba tunao tele. Wanaandikiwa wapi?

Basi, ninachokuomba ni kidogo. Klabu inakwenda barabara ya Likasi mwezi huu, nimesikia. Ukirudi, niandikie njia tu, kwa utaratibu ulivyoipita: mmetoka saa ngapi, lami ikoje, wapi kuna kivuli cha kupumzika, maji, malori, upepo wa kurudi. Majina ya walioshinda weka mwisho kabisa, anayeyataka atayafikia. Nitaichapisha karatasi moja niibandike hapa ukutani juu ya pampu, kwa sababu kuna kijana anataka kuanza kuleta unga na mafuta kwa njia ile na ananiuliza maswali ambayo sina majibu yake. Yule wa makala nimeshamwomba anisimulie tena taratibu, nimuandikie na yake, tuzibandike pamoja.

Na lile gurudumu lako la nyuma lililete mapema. Si Jumamosi jioni giza likiingia, kama kawaida yenu wote, mnapanga foleni na jezi mkononi mnataka spoku zikazwe mpaka kesho alfajiri. Jumatano ninakuwa na nafasi.

Mdogo wako,
fundi wa Katuba