Laptopu ya Linux, monita ya nje haiwaki? Subiri kwanza, usibadilishe mazabodi

Juzi Jumamosi kaja kijana mmoja hapa dukani kwetu Kariakoo, kwapani kabeba ThinkPad P51, mkononi mfuko una kebo 3 za HDMI zote mpya. Anasema fundi mimi nimechoka, nimenunua kebo hadi hela imeisha, monita giza tu, na nilikopeleka mwanzo wameniambia tundu la HDMI limekufa inatakiwa mazabodi nyingine. Tukachomeka monita yetu ya mezani, kweli giza. Sasa kabla hata ya kushika bisibisi tukafungua teminali tukaandika `prime-select query`, amri ya kuuliza laptopu inatumia kadi gani ya grafiki, ikajibu neno moja: `intel`. Hapo hapo tukajua hakuna kilichokufa.

Iko hivi. Laptopu za aina hii zina kadi mbili za grafiki, kuna Intel ambayo imo humo humo kwenye prosesa na inakula umeme kidogo, afu kuna NVIDIA ya kazi nzito. Skrini ya laptopu yenyewe imeungwa kwa Intel. Lakini tundu la HDMI kwenye laptopu nyingi za kazi nzito na za magemu halijaungwa kwa Intel, nyaya zake zinaenda moja kwa moja NVIDIA. Kwaiyo ukiizima NVIDIA ili betri ikae, skrini ya ndani inaendelea kama kawaida, ila HDMI unakuwa unapiga hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe kasafiri. Ndo alichofanya huyu kijana, alisoma mahali kwamba uki-seti `intel` betri inadumu (ni kweli inadumu), akaseti, wiki 2 baadae ndo akanunua monita, hata hakumbuki kama aliwahi kugusa kitu.

Dawa yake kwenye Ubuntu (aina ya Linux) ni `sudo prime-select on-demand` afu unazima na kuwasha. Hapo kazi za kawaida zinabaki kwa Intel, NVIDIA inakuwepo ikihitajika, na HDMI inapata uhai. Yake iliwaka palepale, akabaki anaiangalia tu.

Ukitaka kujua yako imeungwaje bila kuja kwetu, andika `lspci | grep -E "VGA|3D"`. NVIDIA ikitokea kama VGA, mara nyingi ina tundu lake la kutolea picha. Ikitokea kama 3D controller basi kwa kawaida haina tundu lolote, inasaidia hesabu tu na picha zote zinatokea kwa Intel, kwaiyo tatizo lako tafuta kwingine. Afu andika `ls /sys/class/drm`, utaona majina kama card0-eDP-1 na card1-HDMI-A-1. Hiyo eDP ndo skrini ya ndani, na namba ya card inakwambia kipi kipo kwa nani. Hizo namba zinaweza kubadilishana kati ya laptopu na laptopu, usikariri.

Lakini kinachotuletea watu wengi zaidi sio hiki, ni Secure Boot, ule ulinzi wa laptopu unaokataa draiva isiyo na saini inayotambulika. Mtu anaweka draiva ya NVIDIA vizuri tu, katikati inamuuliza atunge paswedi, anatunga, anarestati, inatokea skrini ya bluu imeandikwa Perform MOK management (MOK ni ufunguo wa kuiruhusu draiva yako) na inahesabu sekunde 10. Yeye anaogopa ile bluu anadhani kaharibu, haigusi, inapita, laptopu inawaka fresh kabisa ila draiva haijaingia. Ukiandika `nvidia-smi` inakwambia haiwezi kuongea na draiva. Ile skrini usiiache ipite bana, bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, weka paswedi uliyotunga, basi, hutaulizwa tena. Kama imeshakupita, `mokutil --sb-state` itakuonyesha kama Secure Boot ipo on, afu urudie kuandikisha au uizime kwenye BIOS, ila ukiwa na Windows pembeni yenye BitLocker (inayofunga diski kwa siri) usiizime kabla hujaishika rikavari kii yake mkononi, tumeona watu wamelia hapa.

Na tafadhali, yale maelezo ya miaka ya 2013 ya kuandika faili la xorg.conf (la mipangilio ya skrini) kwa mkono au kuweka Bumblebee (programu ya zamani ya kubadilisha kadi), achana nayo. Zamani ilikuwa lazima, siku hizi ndo inayoleta skrini nyeusi baada ya kulogini. Ukishakwama hapo bonyeza Ctrl+Alt+F3, logini kwa maandishi, lifute hilo faili, restati.

Sasa monita mbili. Ya kwanza HDMI, ya pili watu wanategemea USB-C, na hapo panaumiza maana sio kila USB-C inatoa picha, nyingine ni ya data na chaji tu hata ununue adapta ya bei gani. Angalia pembeni ya tundu kama kuna alama ya DisplayPort au ya radi ya Thunderbolt. Kuna na zile adapta za USB ya kawaida kwenda HDMI za DisplayLink, hizo zinataka draiva yao peke yake, zinafaa kwa Excel na kusoma, video utakasirika.

Kama monita ya nje inawaka ila mausi inaburuza, mara nyingi ni kwa sababu picha inachorwa na Intel afu inakopiwa kwenda NVIDIA ndo itoke nje. Kwa mtu anayeshinda mezani na chaja imechomekwa tunamwekea `prime-select nvidia`, au kwa P51 tunaingia BIOS tunaweka Discrete, inakuwa laini ila feni utaisikia na betri haitakaa. Na kama ni 4K, hakikisha sio 30Hz (picha 30 kwa sekunde), HDMI 1.4 mwisho wake ni hapo kwenye 4K, ukishusha hadi 1080p inarudi 60Hz.

Ukija dukani njoo na kila kitu, laptopu, chaja, monita zako zenyewe, kebo zote. Usitutumie picha ya skrini nyeusi WhatsApp, haituambii kitu. Kuangalia ni bure.

Yule kijana kaondoka na kebo moja, mbili kaziacha hapa tumuuzie. Tumezijaribu zote mbili, nzima, anayetaka aje.